Perege wa bondeni: kwanza nioneshe mkia

Sahibu yangu Hamadi,

Assalaam alaykum. Picha ya perege mliyemvua bondeni nimeipata, lakini mkia umekunjamana, na mkia ndio wenye habari. Weusi wa kiwiliwili usiutegemee: samaki akishtuka au akifa hubadilika rangi papo hapo.

Kuhakikisha ni wa jamaa ya perege, tazama pua: kila upande tundu moja tu, na mstari wa ubavuni umekatika vipande viwili. Halafu mkunjue mkia. Sato (Oreochromis niloticus) ana mistari myembamba myeusi iliyosimama, imepangana pezi zima. Huyo ni mgeni popote visiwani, na hata Ziwa Victoria, anakosifika, aliingizwa miaka ya 1950. Perege wa Wami (Oreochromis urolepis hornorum), mto ulioko bara, hana mistari hiyo. Dume lililoiva huwa jeusi mpaka kidevuni, na pindo jekundu kwenye mapezi. Likiwa jeusi na kidevu cheupe, shuku perege wa Msumbiji (Oreochromis mossambicus).

Mistari ikiwa hafifu, imekatikakatika au imeishia nusu ya pezi, hapo pana kazi: huenda ni chotara. Hawa huchanganyika kwa wepesi. Dume la Wami la kizazi cha Unguja lilipopandishwa kwa jike la mossambicus huko Malacca, Malaysia, vifaranga vyote vilitoka madume. Mtafiti wa samaki Hickling alichapisha habari hiyo 1960. Miiba ya mgongoni usijichoshe kuihesabu. Sato ana 15 hadi 18, na wenziwe wamo humo humo.

Doa jeusi lililo kwenye sehemu ya nyuma ya pezi la mgongoni huwababaisha wengi. Kwa samaki mzima laelekeza kwa Coptodon, kundi jingine la perege, lakini vifaranga vya Oreochromis navyo huwa nalo, kwa hiyo samaki wa urefu wa kidole usimpe jina kwa doa. Kwa mkubwa, funua shavu uhesabu vimeno vya sehemu ya chini ya upinde wa kwanza wa matamvua: Coptodon huwa na 8 hadi 12 hivi, sato huzidi sana.

Ukirudi, chagua madume makubwa, majike na wadogo, si mmoja. Mlaze samaki kwenye ubao mweupe uliorowa, kichwa kushoto, rula kando, mapezi yakitandazwa kwa pini, umpige picha kabla hajafifia. Kisha kata kipande cha pezi, kadiri ya ukucha, ukitie kwenye kichupa cha spiriti ya asilimia 95. Fomalini usitumie, inaharibu vinasaba. Namba iandike kwa penseli kwenye karatasi uitumbukize ndani, wino huyeyuka.

Na ukiwapata hai, usiwahamishie bwawa jingine, hata mwenye bwawa akikubembeleza. Niandikie pia kama maji yana chumvi, maana bwawa la karibu na mikoko hunifanya nimfikirie wa Wami kabla ya sato.

Wako,
Makame, Mwera