Barua ya wazi kwa Waziri wa Maji: njia ya baiskeli ipo tayari, ifungueni

Mheshimiwa Waziri,

YAH: OMBI LA KUFUNGULIA BAISKELI NJIA ZA KANDO YA MIFEREJI NA MITO

Kwa heshima na taadhima, naomba unisikilize. Mimi ni msafiri wa baiskeli. Hufunga hema, sufuria, nguo na vipuri katika mifuko minne kwenye keria za mbele na nyuma, nikaondoka kwa siku kadhaa mfululizo. Siombi kujengewa barabara mpya. Naomba tufunguliwe ile iliyo tayari mikononi mwa wizara yako: njia ya juu ya tuta, wanayopita wakaguzi wa mfereji na mafundi wa kingo za mto.

Waliochimba mifereji walikwishamfanyia mwendesha baiskeli kazi ngumu kuliko zote. Maji hayakubali kupanda, kwa hiyo mhandisi alilazimika kuzunguka kila kilima akitafuta usawa, hata kama kilomita zingeongezeka. Aliposhindwa kuukwepa mwinuko alijenga malango ya maji, mfano wa ngazi: mashua hufungiwa ndani, maji yakajazwa au yakapunguzwa, nayo ikapanda au ikashuka. Na kwa kuwa enzi zile mashua zilivutwa kwa kamba na farasi au nyumbu, njia ya mnyama iliandamana na maji mwanzo mpaka mwisho. Njia hiyo ndiyo tunayoililia.

Tazama Mfereji wa Chesapeake and Ohio nchini Marekani, kutoka Washington hadi Cumberland. Una urefu wa karibu kilomita 297 na malango ya maji 74, lakini kupanda kwake kote ni kama mita 184. Ukigawanya, haifiki hata mita moja kwa kila kilomita. Mzee anaimudu njia hiyo, mtoto anaimudu, na mtu aliyeacha baiskeli miaka mingi anaimudu. Uchimbaji ulianza mwaka 1828, ukafika Cumberland mwaka 1850, na mafuriko ya 1924 yakakomesha usafirishaji wake. Baadaye likaja wazo la kuigeuza njia hiyo kuwa barabara ya magari. Mwaka 1954 Jaji William O. Douglas wa Mahakama ya Juu alilipinga kwa miguu yake mwenyewe: aliutembea mfereji mzima, akiwa amewaalika wanahabari waandamane naye. Mwaka 1971 ukawa hifadhi ya taifa. Leo msafiri hupiga hema kando yake, kwenye maeneo yaliyotengwa yenye pampu za maji.

Nimeutaja mfereji huo kwa sababu moja kubwa: haukatiki. Pale Cumberland unapoishia, inaanza njia nyingine iliyotengenezwa juu ya reli ya zamani, Great Allegheny Passage, inayovuka milima na kwenda mpaka Pittsburgh. Zote mbili kwa pamoja zinampa mtu zaidi ya kilomita 530 bila kuchangamana na malori. Anapanga safari yake akijua kwamba kesho njia itakuwepo.

Kwetu sisi, Mheshimiwa, njia hukatika. Hapa ndipo penye uchungu wangu. Kuna tuta moja ambalo siku moja, kabla ya jua kufika utosini, lilinilazimisha kushusha mifuko yote minne mara tatu. Vizuizi vya chuma vilikuwa vimepindwa kama herufi ya Z ili pikipiki zisipite. Pikipiki zilikuwa zimekwisha kujitobolea njia pembeni, na udongo wa tuta ulikuwa umeanza kumomonyoka hapo hapo. Nilipitisha mfuko mmoja mmoja, kisha nikainyanyua baiskeli juu ya chuma. Mimi nina mikono na mgongo mzima. Anayeendesha baiskeli ya mikono kwa sababu miguu haimtii angefanyaje? Na mama anayevuta kigari cha mtoto nyuma ya baiskeli?

Dawa yake si ngumu. Nguzo zikiachana mita 1.5 hupitisha baiskeli yenye mizigo, kiti cha magurudumu na kigari cha mtoto, na gari haliwezi kupenya. Nguzo ya katikati iwe ya kung'oleka, ufunguo wake wawe nao wakaguzi. Pikipiki zitapenya, sikatai, lakini hata sasa zinapenya. Hizo ni za kudhibitiwa kwa sheria na doria. Anayezuiwa na chuma kile leo ni yule ambaye tuta halimwogopi.

Nasema halimwogopi kwa sababu nimesikia hoja kwamba baiskeli zitaharibu kingo. Baiskeli, mizigo yake na mwenyewe juu yake, kwa kawaida haifiki kilo 150. Gari la ukaguzi lina uzito wa tani kadhaa. Kinachoharibu tuta ni maji yaliyotuama juu yake, na hayo yatatuama tupite tusipite. Njia ikimwagiwa mawe yaliyosagwa laini, ikashindiliwa na kupewa mgongo kidogo katikati ili maji ya mvua yatiririke pembeni, itatufaa sisi na itawafaa wakaguzi. Lami si lazima kila mahali, na penye miti mizizi huiinua. Udongo mtupu ndio mbaya: ukilowa hujaa kati ya tairi na madigadi mpaka gurudumu linagoma kuzunguka.

Kisha kuna madaraja. Njia inakuja vizuri kando ya maji, inafika kwenye daraja la barabara kuu, inaishia ukutani. Msafiri anapanda ngazi na baiskeli begani, anajitosa katikati ya magari, halafu anatafuta ngazi za upande wa pili. Mita chache za njia chini ya daraja zingemwokoa. Zitafunikwa na maji wakati wa mafuriko, ndiyo, na kando ya mito hilo halikwepeki. Kwa siku hizo kiwekwe kibao kabla ya kufika, kinachoonyesha pa kuzungukia. Na pale ambapo daraja liko mbali mno, kivuko kidogo kinatosha. Kando ya mto Danube barani Ulaya, kati ya Passau nchini Ujerumani na Vienna nchini Austria, vivuko vidogo huvusha watu na baiskeli zao kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na ni sehemu ya safari ambayo wasafiri huipenda.

Sasa vilima. Usidhani sisi tunaopenda usawa wa mfereji tunavikimbia. Siku mbili tatu za tambarare, upepo ukiwa usoni, huchosha kwa namna yake: misuli ni ile ile, kiti ni kile kile, hakuna mteremko wa kupumzikia. Mtu hutamani kupanda juu akaone mto ulivyojikunja. Kinachomshinda ni barabara inayopanda kwa ukali kutoka ukingoni, naye ana mzigo mzito nyuma.

Mfereji wenyewe umekwisha kutuonyesha pa kupandia. Canal du Midi ya Ufaransa, iliyojengwa kati ya 1666 na 1681, ilikuwa na tatizo moja: sehemu yake ya juu kabisa, Naurouze, iko takriban mita 190 juu ya usawa wa bahari, na haikuwa na maji ya kutosha. Mjenzi wake, Pierre-Paul Riquet, aliyafuata maji vilimani, kwenye safu ya Montagne Noire. Yakakusanywa katika bwawa la Saint-Ferréol, yakaletwa Naurouze kwa mifereji midogo iliyochongwa kwa mteremko mdogo sana. Leo njia za kando ya mifereji hiyo midogo humtoa msafiri kwenye mfereji mkuu na kumpeleka kwenye miguu ya vilima, polepole, chini ya kivuli. Mimi sijaona mpango wa barabara uliobuniwa kwa akili kuliko huo, na haukubuniwa kwa ajili ya baiskeli.

Mifereji yako nayo hunywa kutoka mahali fulani. Kila kijito na kila mfereji mdogo unaoleta maji kutoka juu una njia ya fundi pembeni yake. Zifungueni hizo pamoja na tuta kuu, na vilima vitaungana na mto bila kuchonga barabara mpya.

Kabla ya bajeti wala michoro, Mheshimiwa, nina ombi moja. Mtume mtumishi mmoja wa wizara apande baiskeli yenye mifuko minne iliyojaa, apite tuta zima kuanzia lango la kwanza la maji hadi la mwisho, na aandike kila mahali alipolazimika kushuka na sababu yake. Orodha hiyo iwe ndiyo mpango kazi. Baiskeli na mifuko nitatoa mimi, na nitafuatana naye siku zote za safari. Tutakapofika kwenye vile vyuma, nitamsaidia kunyanyua.

Wako mtiifu,
Msafiri wa baiskeli