Mkesha wa Le Mans

Mwanangu mpendwa,

Mwaka jana mwezi wa sita ulikuja nyumbani Jumamosi jioni ukanikuta nimekaa mbele ya runinga na chupa ya chai, na ulipoamka alfajiri ukanikuta palepale. Ukaniuliza, "Baba, magari yenyewe yanazunguka tu, unaangalia nini?" Nikakujibu kwa mkato kwamba ni mashindano ya Le Mans, ukaenda zako jikoni. Jibu lile halikunitosha hata mimi mwenyewe. Nimekaa nalo moyoni mwaka mzima, na sasa mwezi wa sita unakaribia tena. Nimeona niandike, maana ndani yake kuna jambo linalotuhusu mimi na wewe, na kila nikitaka kukwambia uso kwa uso mdomo huwa mzito.

Nianze na mashindano yenyewe. Le Mans ni mji wa Ufaransa, kusini-magharibi ya Paris. Tarehe 26 Mei 1923, saa kumi alasiri, mvua ikinyesha, magari 33 yaliondoka pale, na mtihani ulikuwa kwamba kesho yake saa kumi alasiri gari lako liwe bado linatembea. Chama cha magari cha huko, Automobile Club de l'Ouest, hakikuwa na haja ya kujua nani ana mbio kuliko wote, kwani mashindano ya namna hiyo yalikuwa tele. Kilitaka kujua kama gari la kawaida, lenye viti vyake na taa zake na madigadi yake, linaweza kukesha. Wafaransa wawili, André Lagache na René Léonard, ndio waliokwenda mbali kuliko wenzao, kilomita 2,209, kwa gari la Chenard-Walcker.

Lakini mimi niliyezeeka kwenye malori, moyo wangu uko kwa wengine wa mwaka ule, John Duff na Frank Clement, waliokuwa na gari la Bentley. Jiwe liliruka barabarani likatoboa tangi, petroli ikamwagika mpaka gari likazima. Duff alirudi kambini, kule mafundi wanakohudumia magari, kwa miguu, anakimbia. Clement akatafuta baiskeli, akajitwika madumu ya petroli, akapiga pedeli kuelekea gari lilikolala huku magari ya wenzao yanamjia mbele. Akaziba tundu, akamimina mafuta, akawasha, wakaendelea. Nilipolisoma hilo niliinuka kwenye kiti. Ni mara ngapi nimelala chini ya tela kati ya Mikumi na Ruaha Mbuyuni, namsubiri utingo aliyeazima baiskeli ya mwanakijiji akatafute dizeli! Mwaka 1924 Duff na Clement walirudi Le Mans na Bentley yao wakashinda.

Barabara nayo inanivuta. Duara lile lina urefu wa kilomita 13 na nusu na ushee, na sehemu yake kubwa ni barabara ya watu wote. Wiki za kawaida malori na watu wanaokwenda kazini hupita humo humo. Kuna mnyoofu mmoja wanauita Hunaudières, karibu kilomita 6 bila kona, na mwaka 1988 gari moja la Kifaransa lilipita pale kwa zaidi ya kilomita 400 kwa saa. Waandaaji wakaona sasa ni kuua watu. Ilipofika 1990 mnyoofu ule ukawekwa kona mbili za kupunguza mwendo. Nikupe kipimo unachokijua wewe: mwaka 1971 Helmut Marko na Gijs van Lennep walikwenda kilomita 5,335 kwa saa 24 na gari la Porsche. Hapa Dar mpaka Tunduma ni kilomita mia tisa na kitu. Hesabu mwenyewe, ni kwenda Tunduma na kurudi karibu mara tatu, tangu jioni ya leo hadi jioni ya kesho. Rekodi ile ilikaa miaka 39 bila kuvunjwa.

Na kwa kuwa najua utauliza: ndiyo, wanawake wamo tangu zamani. Mwaka 1930 Odette Siko na Marguerite Mareuse walimaliza wa saba kwa Bugatti ndogo, na miaka miwili baadaye Siko akamaliza wa nne katika mashindano yote. Nilipomwona kwenye picha ya zamani nilikukumbuka wewe ulivyokuwa ukipanda kwenye kichwa cha lori uani, unashika usukani uliokuzidi kifua.

Sasa nifike ninapotaka kufika.

Baada ya Vita vya Pili vya Dunia mashindano yalirudi mwaka 1949. Mwitaliano Luigi Chinetti alishinda na Ferrari akiwa ameendesha karibu saa zote yeye peke yake. Mwenzake alishika usukani kwa kitambo kidogo tu. Mwaka 1950 ikawa zamu ya Louis Rosier, na Talbot. Gari lilipomletea taabu alishuka, akabadilisha shafti ya roka, kipande cha ndani ya injini, kwa mikono yake, akapanda tena. Dereva mwenzake alikuwa mwanawe wa kumzaa, Jean-Louis, na baba alimwachia mizunguko miwili tu katika mchana na usiku mzima. Wakashinda. Huwa namfikiria kijana yule. Jina lake limeandikwa kwenye vitabu vya washindi pamoja na la baba yake, lakini usiku kucha alikuwa amesimama kando akiangalia taa za baba zinapita.

Basi mwaka 1952 akaja Pierre Levegh. Alikuwa Mfaransa, mtu mzima wa miaka 46, na Talbot aliinunua kwa fedha yake. Mbele yake walikuwapo Wajerumani wa Mercedes waliokuja na kampuni nzima. Levegh alianza kuendesha Jumamosi alasiri na hakushuka. Mwenzake, René Marchand, alikuwapo kambini akisubiri. Kila Talbot iliposimama kujaza mafuta walimsihi ashuke apumzike, akakataa. Wapo wasemao alihisi injini ina mtetemo, akaamini mikono yake peke yake ndiyo inayoweza kuibembeleza. Usiku ukapita. Asubuhi alikuwa anaongoza, tena kwa mizunguko minne, na Wafaransa wote wakawa wanamwombea. Katika saa ya 23 injini ikavunjika. Mercedes zikapita, zikamaliza ya kwanza na ya pili.

Watu wamebishana tangu siku ile. Mmoja husema uchovu ulimfanya akosee gia, mwingine husema chuma kilikwisha kuchoka chenyewe. Mimi sikuwapo, ila najua mkono wa mtu ambaye hajalala unavyoshika gia. Na nakujua kukataa kule.

Mwanangu, unakumbuka mwaka 2003 niliporudi nyumbani na mkono umefungwa plasta? Ulikuwa darasa la pili. Ulinichorea ua juu ya plasta ile kwa kalamu nyekundu, ukalirudia kila lilipofifia. Tulikwambia tairi lilipasuka. Haikuwa kweli, na mama yako alinifichia kwa sababu nilimwomba.

Tulikuwa tumebeba mbolea kwenda Mbeya. Nilikuwa na dereva mwenzangu, yule baba yako mdogo aliyekuwa akikuletea miwa, ambaye baadaye uliniuliza mbona haji tena. Zamu yake ilikuwa ianze Iringa. Alikuwa amelala kitandani nyuma ya kiti, na mimi nikajiambia acha alale, nafika Makambako. Sikumwacha alale kwa huruma. Nilitaka iwe mimi. Nilikuwa nimeupanda mlima wa Kitonga usiku na mzigo kamili bila kutetereka, nikajiona hakuna wa kunigusa, na kumwamsha mtu wakati ule ingekuwa kama kukiri kwamba nimechoka. Kabla ya Mafinga kulikuwa na ukungu na baridi, saa kumi alfajiri. Sikumbuki kufumba macho. Nakumbuka miti ikija mbele ya kioo badala ya barabara, kisha kimya, kisha yeye ananiita kwa jina langu kutoka nyuma, sauti ndogo sana.

Mimi nilivunjika mkono, ukapona. Yeye alivunjika paja mahali pawili, na mguu haukurudi kuwa mguu wa kukanyaga klachi. Hakurudi barabarani. Alipofungua duka lake la rejareja nilichangia nilichoweza, na hajawahi kunitupia neno baya hata siku moja, nami kwa hilo nikashindwa kumtazama. Ndiyo sababu hakuja tena kwetu. Mimi ndiye niliyeacha kumwita.

Miaka ilipita kabla sijakutana na habari ya Levegh. Fundi mmoja pale gereji alikuwa na gazeti kuukuu la magari, na mwanawe aliyesoma Kiingereza alinitafsiria ukurasa kwa ukurasa wakati nangoja breki zifungwe. Alipofika kwenye saa ya 23 nilimwambia asimame kidogo. Tangu hapo sijakosa mwaka hata mmoja.

Mwisho wake Levegh ulikuwa mchungu. Mercedes wale wale waliomshinda walimchukua awe dereva wao mwaka 1955. Tarehe 11 Juni, saa mbili na nusu hivi baada ya kuanza, gari la Mike Hawthorn lilifunga breki liingie kambini, gari dogo la Lance Macklin likakwepa, na Levegh aliyekuwa nyuma kwa mwendo mkali hakupata nafasi. Gari lake liliruka likavunjikia juu ya watazamaji. Alikufa yeye, wakafa watazamaji zaidi ya 80. Fangio, dereva mwingine wa Mercedes aliyekuwa nyuma yake, aliamini hadi mwisho kwamba Levegh aliinua mkono kumwonya kabla ya kugonga. Mercedes waliondoa magari yao usiku ule, na Uswisi ikapiga marufuku mashindano ya magari kwenye viwanja vyake. Uchunguzi haukumtia dereva yeyote hatiani. Njia ilikuwa ya zama za magari ya 1923. Mimi hili silichanganyi na lile la 1952. Lile la kwanza lilikuwa lake, hili lilimkuta.

Siku hizi hakuna anayeweza kufanya alivyofanya Levegh. Kila gari lina madereva watatu, na sheria inasema dereva asizidi saa 4 katika kila saa 6, na kwa jumla asizidi 14. Ukiona usiku gari linaingia kambini, mlango unafunguliwa, mmoja anatoka na mwingine anaingia, tazama mikono yao. Anayetoka humsaidia anayeingia kufunga mikanda, anaivuta mpaka inambana, kisha anampigia kelele neno moja au mawili sikioni kuhusu tairi au mvua. Ni sekunde chache. Hapo ndipo mimi huacha kunywa chai.

Mikanda hiyo nayo ina kisa chake. Zamani madereva walikimbia kuvuka barabara, wakaruka ndani na kuondoka, na wengi hawakujisumbua kufunga mkanda. Mwaka 1969 Jacky Ickx, kijana wa Ubelgiji wa miaka 24, aliona huo ni wazimu. Wenzake walipokimbia yeye alitembea, taratibu, akaingia, akafunga mkanda sawasawa, akaondoka wa mwisho. Katika mzunguko ule ule wa kwanza John Woolfe alipata ajali akafa. Na Ickx, baada ya saa 24, alimshinda Hans Herrmann kwa mita kama 120. Sijui tena katika mchezo wowote mtu aliyejibiwa vizuri namna ile. Mwaka uliofuata kule kukimbilia magari kukafutwa.

Na 2016 ulikuwa bado hujaanza kazi, nililia sebuleni ukadhani nina msiba. Toyota walikuwa wanaongoza, zimebaki dakika chache tu. Kazuki Nakajima akaanza kusema redioni kwamba gari halina nguvu, halina nguvu. Likasimama kwenye mnyoofu wa mbele ya majukwaa, Porsche ikapita. Hakuna aliyekosa zamu yake pale, kila mmoja alikuwa amemwachia mwenzake kwa wakati wake, na bado ikawa vile. Watu wale walirudi. Mwaka 2018 Nakajima ndiye aliyevuka mstari na Toyota, wa kwanza.

Mwezi uliopita nilipanda basi nikaenda dukani kwa baba yako mdogo. Nilimweleza kila kitu, kwamba zamu ilikuwa yake na kwa nini sikumwamsha. Akasema alijua tangu siku ile. Akaninunulia soda. Tulikaa hadi alipofunga duka, na nimemwalika mwezi wa sita.

Kwa hiyo njoo na wewe. Kwa saa za kwetu wanaanza Jumamosi saa kumi na moja jioni. Mama yako atapika pilau, chupa zote mbili za chai zitajaa. Saa sita usiku mimi nitakwenda kulala. Wewe na baba yako mdogo mtakaa mbele ya runinga, mtaniandikia kwenye daftari gari lipi linaongoza na lipi limekwama, na saa tisa mtaniamsha.

Baba yako