Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Wauza Vyakula vya Jioni, Unguja Mjini, 2024

Assalaam alaykum, ndugu wanachama.

Nawashukuru nyinyi 19 mliofika. Tuko 60. Mwaka jana tulikuwa 31 na mvua ilikuwa inanyesha; leo jua linawaka, sijui udhuru ni upi.

Shughuli za kawaida mnazijua: usafi wa kila mwezi, taa mbili zimebadilishwa, wagonjwa tumewatazama, maiti tumezika. Niende kwenye lililowaleta: malalamiko juu ya cheti.

Ni kweli Januari kamati ilibadilisha muda wa cheti chetu cha usalama wa chakula, cha msimamizi wa meza, kutoka mwaka mmoja hadi mitatu. Na rai ilikuwa yangu, sikatai. Zamani watu 60 walilipa 30,000 kila mwaka, yaani 1,800,000. Mkufunzi, ukumbi na uchapaji vikala 1,200,000, mfuko ukabakiwa na 600,000. Sasa ni 45,000 kwa miaka mitatu, tena kwa mafungu, watu 20 kila mwaka, ili mfuko usijae mwaka mmoja ukakauka miwili. Zimeingia 900,000, zimetoka 500,000. Mfuko umepungukiwa 200,000, sawa. Lakini mifukoni mwenu zimebaki 900,000, na hilo sikusikia mtu akilitaja barazani.

Wale 11 waliolipa Disemba, wiki mbili kabla ya uamuzi, wakasema nimewaibia: nyinyi ni fungu la mwisho, zamu yenu ni Disemba 2026. Mmepata miaka mitatu kwa 30,000. Wenye haki ya kununa ni fungu la kwanza, waliotangulia kulipa 45,000, na wao wamenyamaza.

Wengine wakasema cheti kirefu kitaleta maradhi. Marekani cheti cha ServSafe cha wasimamizi wa chakula hudumu miaka 5. Pweza haozi kwa tarehe ya cheti, huoza akishinda mezani hana barafu wala moto. Na upimaji wa afya ni jambo jengine, hatukuugusa, kwani mtu hubeba vijidudu vya homa ya matumbo naye mzima haumwi.

Lililonisumbua kweli ni kwamba cheti ni cha mtu, si cha meza. Kijana akipata kazi hotelini Nungwi au Paje anaondoka nacho. Zamani wewe mwenye meza ulipoteza mwaka, sasa waweza kupoteza mitatu. Wanne yameshawakuta. Kamati italitazama.

Ada sasa. Kwa 2,000 kwa mwezi tulitarajia 1,440,000, zimeingia 610,000. Deni ni 830,000, zaidi ya mara nne ya hizo laki mbili ninazosimangwa. Na baadhi ya wanaoulilia sana mfuko, mshika fedha hajawaona tangu Ramadhani. Majina ninayo, leo sitayasoma.

Mwakani, Inshaallah, tutaangalia uwezekano wa friza ya pamoja, na Mungu akijaalia tuwatembelee wenzetu wa Pemba.

Mshika fedha yupo pale mlangoni na daftari lake.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti