Filamu ya Muyaka haitakamilika bila Mombasa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na watayarishaji wa filamu za makala, hasa vijana wetu wa Pwani. Muyaka bin Haji, malenga aliyeishi Mombasa kati ya 1776 na 1840 hivi, anastahili filamu, nayo haiwezi kuwa yake isipokuwa ni ya mji wake pia.

Muyaka hana picha. Alifariki kabla kamera hazijatufikia, na sioni faida ya kumvika mwigizaji kilemba kisha tukaambiwa ndiye. Sura yake imo katika tungo zake, na tungo hizo zilizaliwa na mambo ya mji: utawala wa ukoo wa Mazrui waliokaa Ngomeni, yaani Fort Jesus, uhasama na Lamu uliofikia vita vya Shela, tishio la Seyyid Said, Sultani wa Omani, ambaye hatimaye aliutwaa mji mwaka 1837, na, katikati ya hayo yote, mapenzi, dhiki na mabishano ya barazani. Ndiyo maana husemwa kwamba aliutoa ushairi msikitini akaupeleka sokoni. Shairi la kujibizana na watu wa Lamu, likisomwa studioni, huwa fumbo. Likisomwa chini ya kuta za Fort Jesus, msikilizaji hujua ni nani anayerushiwa maneno na kwa sababu gani.

Filamu ieleze pia jinsi tungo hizo zilivyotufikia, kwa kuwa hapo ndipo wenyeji wa Mombasa wanapostahili sifa. Zilibaki vinywani mwa watu, hata miongo kadhaa baada ya kifo chake Mwalimu Sikujua bin Abdallah akazikusanya na kumfafanulia mmishonari W. E. Taylor. Diwani ilichapishwa Johannesburg mwaka 1940, na karatasi za Taylor ziko London. Wanafunzi wetu wanaokariri Muyaka kwa ajili ya mtihani waonyeshwe kurasa zenyewe, zilizoandikwa kwa hati za Kiarabu, na walisikie shairi zima likighaniwa kwa Kimvita, lahaja ya Mombasa, mpaka kaditama, yaani ubeti wa mwisho, bila msimulizi kuingilia kati.

Kwa upande wao, Makavazi ya Kitaifa, ambayo ndiyo yanayosimamia Fort Jesus, pamoja na serikali ya kaunti, wawaruhusu vijana watakaojitolea kwa kazi hii kupiga picha Ngomeni na Mji wa Kale bila kuwatoza ada.

Mpenzi wa ushairi,
Mombasa