Kwa vijana wetu wasaidizi wa kisheria wa Lindi na Mtwara

Wanangu, salaam.

Juzi pale Mnazi Mmoja niliwaona wawili wenu wakifunga daftari kabla kijana wa watu hajamaliza kusema. Alikuwa ametoka gerezani, anasimulia alivyopigwa na askari. Mara akasema ilikuwa msimu wa korosho, mara ilikuwa Ramadhani. Mmoja wenu akamkata: "Umeshajichanganya." Siku ya tatu leo hasira haijanitoka.

Selo haina kalenda! Aliyepigwa tarehe humponyoka. Muulizeni alilazwa ubavu upi, nani alishika funguo, alitukanwa tusi gani.

Nami lipo linalonisuta. Nikiwa tabibu, miaka mingi nyuma, nililetewa mahabusu asiyeweza kukanyaga. Nyayo zote mbili zimevimba, zinang'aa kama zimepakwa mafuta. Askari kasimama mlangoni: "Kateleza bafuni huyu." Nikamgeuza viganja, nikatazama viwiko na magoti; hakuna mchubuko hata mmoja. Mtu gani huteleza akaumia nyayo mbili, mikono isiguse chini? Nililiona hilo, na bado nikaandika "ameteleza". Niliogopa. Hakunilaumu, alitazama tu kalamu yangu.

Sisemi mmeze kila neno. Wafungwa nao husingizia, na pengine kipigo ni cha nyapara, mfungwa anayesimamia wenzake, kikabebeshwa askari asiyehusika. Kwa hiyo linganisheni: kitabu cha zamu, daftari la zahanati, wenzake wa selo, kila mmoja peke yake. Daktari amwone mapema. Na msikadirie siku ya kipigo kwa rangi ya damu iliyovilia; inadanganya, na ngozi zetu nyeusi huficha mengi.

Nanyi wazee wenzangu mnaosema "angekuwa mwema asingefungwa", mahabusu bado hajahukumiwa. Aliyehukumiwa naye, hakimu kampa kifungo, hakumpa rungu. Ibara ya 13 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inakataza mtu kuteswa, wala haikumtoa mfungwa. Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina mamlaka ya kuingia magerezani. Mbona hatuwapelekei malalamiko?

Kijana yule bado yuko Mnazi Mmoja, anapakia mihogo kwenye malori. Mfuateni, wanangu. Mwombeni radhi, kaeni naye pembeni asikosikiwa, na majina ya wenzake waliobaki ndani msimtajie askari yeyote mpaka wenyewe wakubali.

Babu yenu, tabibu mstaafu, Lindi