Wito wa Harambee: Tuwarudishie Watoto wa Mathare Chumba cha Kompyuta

Ndugu, majirani na marafiki wa maktaba yetu ya jamii,

Tunawaandikia tukiona haya, kwa kuwa tunajua mikono yenu haijapumzika tangu usiku ule wa Aprili 2024, Mto Mathare ulipofurika na kuingia majumbani mwetu. Mlitoa magodoro, unga na nguo bila kuombwa mara mbili. Tulilolinyamazia siku zile ni kwamba maji yalizoa pia kompyuta zote nane za maktaba. Kulikuwa na watu wa kuzika, na haikufaa kulilia mashine mbele ya wafiwa. Sasa hatuwezi kuendelea kunyamaza.

Kila jioni watoto wetu huketi kwenye ngazi za duka lililokwisha kufungwa karibu na Juja Road, kwa sababu intaneti ya duka hilo hufika hadi pale nje, na mwenye duka, Mungu ambariki, aliwapa nywila kwa hiari yake. Huwa na simu tatu, nne wakibahatika, na hupokezana. Mvua ikinyesha huifunika simu kwa sweta ya shule na kulowa wao. Miongoni mwao yumo binti mmoja ambaye hawezi kuanza kazi yake kabla ya saa mbili usiku, kwa kuwa simu ya nyumba yao ni moja tu, nayo hutoka alfajiri na mama yake anayekwenda kufua nguo Eastleigh. Mama hawezi kuiacha nyumbani, maana ndiyo anayopigiwa akiitwa kazini. Binti humsubiri pale ngazini, aipokee simu ikiwa imebaki na chaji kidogo, aandike mpaka izime.

Si kwamba intaneti haijafika Nairobi. Mikongo ya baharini inayoleta intaneti ilitua Mombasa mwaka 2009; wanachokosa watoto hawa ni kifaa cha kutumia na pesa za bando, ambazo nyumbani zinashindana na pesa za unga. Shule zilipofungwa Machi 2020 na masomo yakahamia redioni, kwenye runinga na mtandaoni, wengi wao walikaa bure hadi Januari 2021, na pengo lile hatujaliziba. Siku hizi kijana huomba nafasi ya chuo kupitia tovuti ya KUCCPS, taasisi ya serikali inayowapangia wanafunzi vyuo, na mkopo wa masomo wa HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya elimu ya juu, huombwa mtandaoni vilevile. Mmoja wa vijana wetu, aliyefaulu vizuri kabisa, hakutuma maombi yake kwa sababu siku ya mwisho umeme ulipotea mtaani na saiba zote zikafunga milango. Jambo hilo linatuuma hadi leo.

Neno harambee limo kwenye ngao ya taifa letu. Katika miaka ya 1960 na 1970 wazazi wetu, ambao wengi wao hawakujua kusoma, waliuza kuku na mbuzi wakajenga shule za harambee, na baadhi yetu tulifunzwa kuandika ndani ya madarasa hayo. Itakuwa aibu kwetu sisi tuliosomeshwa kwa jasho lao, wenye mishahara na simu za kisasa mfukoni, kuwaacha watoto hawa ngazini.

Tumepata chumba orofani, mbali na mto. Tunahitaji shilingi 520,000 za kununulia kompyuta 12 zilizokarabatiwa na printa moja, kulipia intaneti ya mwaka mzima, kuvuta umeme halali na kuweka mlango wa chuma. Akina mama wa vyama vya akiba na vijana wa bodaboda wamekwisha kuchanga shilingi 87,500, nyingi zikiwa hamsini hamsini. Zimebaki shilingi 432,500. Mweka hazina atatoa risiti kwa kila mchango, mdogo kwa mkubwa, na hesabu zitabandikwa mlangoni kila mwisho wa mwezi.

Tutakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi ujao, saa nane mchana, katika chumba hicho kipya. Asiye na pesa lakini ana kipakatalishi cha zamani, hata kama hakiwaki, akilete jinsi kilivyo, kwani vijana wawili wa mtaa huu ni mafundi na wamejitolea kuvitengeneza bila malipo.

Katibu, kwa niaba ya kamati