Unga tutauchanga, komini ilipie daftari, ghala na mizani

Bwana Mhariri,

Kila bei ya unga inapopanda hapa Lubumbashi, wakubwa huonekana kwenye picha wakikabidhi magunia. Lakini hatujawahi kuona picha ya mtu anayekabidhi mshahara wa mtunza ghala. Parokia, misikiti, makanisa ya uamsho, mama wa soko na vikundi vya likelemba (watu wanaochangiana pesa kwa zamu) hutoa chakula bila kungoja serikali. Wanachokosa ni mtu wa kuwapanga: nani apate, lini, mzigo ulale wapi, na nani ajue kwamba lupango hili (kiwanja chenye nyumba) limepata mara mbili huku la jirani halijapata kitu. Kazi hiyo ndiyo tunayotaka iingie kwenye bajeti ya kila komini (serikali ndogo ndani ya jiji, kama Katuba yetu), kwa mstari wake wenyewe.

Misaada mingi huja Desemba, ikirundikana kwenye kartie (mitaa) zilezile ambazo gari hufika bila shida. Januari hadi Machi, mahindi mapya yangali shambani na mvua inanyesha, ghala za makanisa huwa tupu. Na sisi hula mahindi ya Zambia: mwishoni mwa Februari 2024 nchi hiyo ilipotangaza ukame kuwa janga la taifa, kila aliyejua soko la Kasumbalesa, mpakani na Zambia, alijua kinachokuja. Kupanga ni kuhamisha sehemu ya chakula cha Desemba kwenda Februari. Hilo haliwezekani bila ghala.

Tupige hesabu. Kipimo kinachotumika sana katika misaada ni gramu 400 za unga, 60 za maharagi, 25 za mafuta na 5 za chumvi kwa mtu kwa siku. Kwa familia ya watu watano, mwezi mmoja ni kilo 60 za unga, kilo 9 za maharagi na karibu litre 4 za mafuta. Tukiamua kumpa kila mmoja nusu yake, ingekuwa kilo 30 za unga kwa familia, nasi tunashauri zisiwe 30. Gunia la soko ni kilo 25. Ukitaka kutoa 30 lazima ufungue magunia na kupima tano za ziada kwa meka (kopo la kupimia sokoni), na hapo ndipo ugomvi unapoanzia, maana meka ya huyu imejazwa kwa kilima na ya yule imesawazishwa kwa mkono. Toa gunia moja lililoshonwa. Maharagi kilo 4.5 yapimwe kwa mizani na kufungwa siku moja kabla. Mafuta yatoke kwenye chupa za litre moja, hata kama bidoni (dumu) ni rahisi zaidi: ukigawa bidoni ya litre 20 kwa familia kumi, ya kumi hupata pungufu, kwa sababu mafuta hubaki kwenye kipimo na pembeni mwa bidoni.

Familia 1,000 kwa mwezi ni magunia 1,000 ya unga na, pamoja na vingine, kama tani 32. Hiyo ni safari nne za lori la tani 10, na chumba cha mita 5 kwa 10, ukipanga magunia hadi mita 2 na kuacha njia za kupita. Magunia yakae juu ya mbao, sentimita 15 kutoka sakafuni, mbali na ukuta kiasi cha mtu kuzunguka. Saruji hutoa unyevu, na gunia la chini huoza kabla hamjalifikia. Unga wenyewe usikae miezi: huwa mchungu, hasa wakati wa mvua. Afadhali kununua mahindi Mei au Juni, bei inapokuwa chini, na kusaga yanayotosha mwezi mmoja tu. Kabla ya kupokea, tia punje kiasi kwenye chupa kavu pamoja na chumvi kavu, tikisa dakika chache. Chumvi ikinata ukutani mwa chupa, mahindi bado yana maji. Yarudishe yakaanikwe.

Orodha ndiyo inayoharibu mengi. Shefu wa kartie akiachiwa peke yake, ndugu zake huingia kwanza, na wapangaji husahaulika kwa sababu anayejulikana ni mwenye lupango. Ukidai karata ya mchaguzi (kadi ya kupigia kura), unawaacha nje waliotoka mikoa mingine bila karatasi, nao ndio wenye njaa zaidi. Ukitegemea simu, familia tatu zina simu moja. Ukitegemea jina, Kabwe ataandikwa pia Kabue na kupata mara mbili bila hata kuwa mwizi. Tunapendekeza familia ihesabiwe kwa chungu: watu wanaokula chungu kimoja ni familia moja, hata kama lupango lina vyungu vinne. Iandikwe avenyu, nambari ya lupango, nambari ya chungu, jina la anayepika na idadi ya walaji. Kwenye ukuta wa ofisi zibandikwe nambari tu, bila majina. Jirani atajua kama lupango lina vyungu viwili au sita, na hakuna atakayetangazwa kuwa maskini. Na anayeshika daftari asishike ufunguo wa ghala. Mtu mmoja akiwa na vyote viwili, majina hewa hupata magunia ya kweli.

Pesa zitoke wapi? Katiba ya Kongo inazipa provensi (mikoa) 40% ya mapato ya taifa, na sheria ya Oktoba 2008 inazipa miji, komini, na kule vijijini sekta na usultani, 40% ya fungu hilo. Sote tunajua zinavyofika: pungufu na kwa kuchelewa. Ila tangu Kanuni ya Madini ya 2018, 15% ya mrabaha (malipo ya kampuni kwa madini inayouza) hulipwa moja kwa moja kwa komini au sekta yenye mgodi. Fungu hilo lijenge ghala. Komini za Kamalondo na Kenya hapa jijini hazina mgodi, basi jiji lisimamie ghala moja kwa ajili yao na Katuba, badala ya kila komini kukodi kibanda chake. Mishahara ya mratibu, mtunza ghala na waandishi wawili itoke kwenye mapato ya kawaida.

Tatizo la mwisho ni mwendo wa malipo. Matumizi ya serikali hupita hatua nne: kuahidi, kuhakiki, kuamuru, kulipa. Njaa haisubiri saini nne, kwa hiyo komini hukopa kwa mfanyabiashara, naye hupandisha bei ili kufidia kungoja. Mkataba na mwenye mashini ya kusaga na mwenye lori usainiwe Juni, bei kwa tani ikiwa imeandikwa, na ulipwe kwa hati ya kupokea mzigo. Mafuta ya gari na wapakuzi yalipiwe kutoka kasha dogo lenye kiwango maalumu, linalokaguliwa kila mwisho wa mwezi.

Mwaka wa bajeti huanza Januari 1. Washauri wa komini tuliowachagua Desemba 2023 wakiujadili mstari huu Novemba, watakuta namba zote zimekwisha kupangwa; kwa hiyo waulizwe Agosti. Na watakaponunua mizani, wanunue ya kilo 100, iliyopimwa na OCC, ofisi ya Kongo ya ukaguzi.

Wasomaji wa Katuba,
Lubumbashi